Fugwe na mnyama wa Australia

Jana nimetoka soko la Kongowea na mahindi mabichi, kumenya moja nyumbani, lo! Punje zimefura, ndani vumbi jeusi tii. Fugwe hilo, kuvu ya mahindi. (Mexico wanaipika wakala. Mimi nilitupa.)

Mpwa wangu alikuwa akisoma kuhusu antekinusi, mnyama mdogo wa Australia kama panya, ukoo mmoja na kangaruu. "Mjomba, na huyu na fugwe wamefanana wapi?"

Kumbe kwenye ndoa! Antekinusi dume hupanda majike wiki mbili tatu kisha madume yote hufa, mwaka hawajatimiza. Fugwe nayo, seli moja pekee haiuwezi mmea wa mahindi. Mpaka ipate mwenzake waungane, ndipo mmea uumwe.

Nikamwongezea kwamba kuvu, kwa nasaba, iko karibu nasi kuliko mmea wenyewe. Akakataa kula.