Bugando, bila handbreki

Asubuhi hii pikapu iliyokuwa mbele yangu ilishindwa kupanda mlima, na kabla dereva hajaamua arudi chini au akazane, harufu ilishaingia dirishani. Klachi inaungua. Ni harufu ya ukucha ulioangukia kaa la moto. Papo hapo nikawa tena Mwanza, siku ya mtihani wa leseni, mlima wa Bugando, mkono wa kushoto kwenye handbreki, afande pembeni yangu na karatasi gotini.

Mwalimu alitufundishia Corolla ya manyo, na wiki nzima ya kwanza ilikuwa klachi tu. Kanyaga mpaka mwisho, tia namba moja, ongeza mafuta kidogo, halafu nyanyua mguu taratibu mpaka sauti ya injini izame na pua ya gari iinuke kidogo. Hapo imeshika. Ukipita hapo kwa haraka, gari linazima. Ukiganda hapo ukitegemea klachi ilizuie gari mlimani, pleti ya klachi inasuguana na flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, inapata moto, inalika. "Kisigino chini, binti," alikuwa akinikumbusha, kwa sababu mguu ukining'inia hewani unatetemeka na klachi inatetemeka nao.

Siku ya mtihani mengine yalikwenda upesi. Alama: pembetatu yenye ukingo mwekundu ni onyo, duara lenye ukingo mwekundu ni katazo, duara la bluu ni amri. Kwenye kipilefti unampisha anayetoka kulia. Rivasi kati ya vigingi, nikatoka bila kugusa hata kimoja.

Kisha mlima. Katikati yake afande akasema, "Simama." Nyuma yetu lori la mchanga likasimama pia, karibu mno, kioo cha kati kikajaa meno ya shoo yake.

"Haya, ondoka. Bila handbreki."

Inawezekana. Mguu wa kulia unabaki kwenye breki, wa kushoto unanyanyua klachi mpaka ishike, ndipo wa kulia unahamia kwenye mafuta. Ila katika kule kuhama, gari linashikwa na klachi peke yake. Kama hukuifikisha pale panapotakiwa, unarudi nyuma, na nyuma palikuwa na lori.

Nikavuta handbreki. Ilitoa ule mlio wake, krrr, na ndani ya gari haukusikika mlio mwingine. Namba moja. Mafuta, nikayashikilia palepale. Kisigino chini. Nikaanza kunyanyua klachi, ikawa kama haina mwisho, inakuja, inakuja, huku nikisikiliza. Sauti ikazama. Usukani ukaanza kutetemeka viganjani, boneti ikainuka kama ng'ombe anayetaka kusimama. Nikabonyeza kitufe, nikashusha handbreki yote. Kwa kufumba na kufumbua gari halikwenda mbele wala nyuma. Kisha likapanda.

Afande hakusema neno mpaka tulipofika juu. Akaandika muda mrefu. Tulipomrudia mwalimu akamwambia, "Huyu hasikii," halafu akasaini.

Yaliyobaki yalikuwa foleni: cheti cha umahiri mkononi, TRA (Mamlaka ya Mapato), alama za vidole, picha, malipo, leseni daraja D.

Nimeigeuza sentensi ile kila upande. Kama nilikosea, mbona alisaini? Kama nilifanya sawa, mbona alisema vile? Siku hizi naondoka mlimani kwa njia zote mbili, lakini kukiwa na gari limenibana nyuma, mkono unaenda kwenye handbreki wenyewe.

Kijana wangu ameanza kujifunza mwezi huu. Jana ameniuliza kwenye mtihani wanataka njia ipi. Nimemwambia azime redio kwanza, aisikie injini inapozama.