Siku moja na Gredi ya 8: "Nyanya ni mtu ama ni raia?"

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kivukoni Likoni, Mombasa. Sisi wa miguu hatulipi, tunasukumana tu hadi feri iguse kisiwani. Mkobani nina mahamri manne na nakala ya Katiba, ile iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, imechakaa pembe zote.

Saa moja na nusu ni shikamoo mfululizo langoni, gwaride, matangazo, kisha kipindi cha ramani.

Saa tatu, Masomo ya Jamii, Gredi ya 8. Mada ni haki na wajibu wa raia. Mimi sianzi na orodha ubaoni, maana huikariri leo na kesho imeyeyuka. Nimewasomesha vifungu viwili kwa sauti. Cha 42: kila mtu ana haki ya mazingira safi. Cha 35: kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nikauliza, mbona kimoja kimesema mtu na kingine raia?

Kimya. Kisha binti wa dawati la nyuma, ambaye sauti yake huisikii wiki nzima, akainua mkono. "Mwalimu, nyanya yangu hana kitambulisho. Yeye ni mtu ama ni raia?"

Hakuna aliyecheka. Niliweka chaki chini. Nikawaambia kadi haimfanyi mtu kuwa raia, humthibitisha tu. Kifungu cha 14 kinampa uraia wa kuzaliwa yeyote ambaye mama au baba yake ni raia wa Kenya, na cha 12 kinasema raia ana haki ya kupewa hati zake. Lakini asiye na kadi hapigi kura, na kila ofisi anayoingia huanza kwa kuulizwa kadi.

Nikawasimulia Wamakonde wa Kwale, jirani zetu hapa kusini. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wakazaa, wakazeeka, bila hati. Oktoba 2016 walishika njia kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na yeye akaamuru wapewe vitambulisho. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

"Sasa kule kutembea kulikuwa haki ama wajibu?" Darasa likawaka. Wengi walishika Kifungu cha 37, haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Kijana mmoja akafungua kurasa za mwanzo, Kifungu cha 3: kila mtu ana wajibu wa kuiheshimu na kuitetea Katiba. "Walikuwa wanaitetea, mwalimu. Kwa miguu." Mpaka leo watoto hawa walijua wajibu kuwa ni kufagia darasa. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

Saa saba, chai na mahamri yangu. Mwenzangu mmoja ananiambia nawapa watoto ulimi mrefu, kesho watatuuliza sisi wenyewe. Na watuulize! Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeshapiga marufuku fimbo. Mtoto anayejua hivyo hanivunjii heshima. Hatukuafikiana.

Mchana ulipita kwa kusahihisha.

Saa kumi yule binti alinisubiri mlangoni. Tukampigia nyanya simu ya jirani. "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa hapa, mkunga alikuwa shangazi yangu. Karatasi ningeitoa wapi?" Nikamuuliza kama yuko mtu mzima anayewakumbuka wazazi wake. Yuko mmoja, mzee wa mtaa, macho hayaoni vizuri lakini kumbukumbu anayo. Nikamwambia tuanzie kwa chifu, sote watatu.

Saa mbili usiku niko nyumbani Likoni. Mwalimu mkuu amenikubalia asubuhi ya Jumatano. Nyanya ameniuliza jambo moja tu: avae buibui jipya, au hili la kila siku?