Nani kanibipu saa tano usiku?

Juzi saa tano usiku namba ngeni ilinibipu mara tatu. Mume wangu akanitupia jicho la pembeni, usingizi ukaniruka. Nikaitafuta Truecaller, ile programu ya kutambua namba za simu: "Fundi Friji Mbagala". Mimi friji langu zima! Majina mengi mle hutoka kwa watumiaji wenyewe, kwa hiyo unaonyeshwa mtu anavyoitwa na wenzake, wala si lazima liwe jina lake. Nikarudi kwenye mbinu yetu ya uswahilini: nikajifanya natuma shilingi 1,000 kwa M-Pesa. Kabla sijaweka namba ya siri, jina la usajili hilo hapo. Lahaula, mtoto wa mama mdogo! Nikaghairi muamala, nikampigia. Kumbe alikuwa Mbagala kweli, kakwama, anaomba nauli. Ile elfu moja ningeituma tu.