Harriet Boyd Hawes: kutoka magofu ya Krete hadi vijiji vya Somme

Wengi wanaomtaja Harriet Boyd Hawes, mwanaakiolojia wa Marekani, husema aliacha usomi akaenda vitani. Tarehe zinakataa. Alizaliwa Boston mwaka 1871, akahitimu Smith College, chuo cha wanawake, mwaka 1892 katika masomo ya kale ya Wagiriki na Warumi, akafundisha kidogo, na mwaka 1896 akaenda Athens kujiendeleza. Mwaka uliofuata Ugiriki ikaingia vitani na Waturuki, naye akajitolea kuuguza majeruhi huko Thessaly. Mwaka 1898 alikuwa Florida, akiuguza askari wa vita vya Marekani na Hispania, vita ambavyo maradhi yaliua Wamarekani wengi kuliko risasi, homa ya matumbo ikiongoza. Yote hayo kabla hajachimba hata shimo moja.

Krete, kisiwa kilicho kusini mwa Ugiriki, alikwenda mwaka 1900, kwa fedha zilizobaki za ufadhili wake, maana Athens wanawake walitarajiwa wabaki maktabani na sururu waachiwe wanaume. Akazunguka vijijini juu ya nyumbu, akiwauliza wakulima walikookota vigae na mawe ya mihuri. Hivyo ndivyo alivyofikishwa Gournia, mji wa Waminoa, watu wa kale wa Krete, akauchimba misimu mitatu: 1901, 1903 na 1904, akiwa na vibarua zaidi ya 100.

Uchimbaji wa kiasi hicho, siku nyingi, ni kazi ya unyapara na uhasibu. Kuna ujira wa kulipa, zamu za kupanga, chakula na zana za kufikisha pasipo na barabara ya maana. Kila kigae lazima kiandikwe kimetoka chumba gani na tabaka gani kabla hakijachanganywa na vingine. Kikishachanganyika, hakuna elimu ya Kigiriki itakayokiokoa. Misaada ya vita nayo huharibikia hapohapo: shehena ipo bandarini bila lori la kuibeba, au blanketi zimefika na hakuna anayejua nyumba ipi ina watoto wangapi.

Mapema mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alikuwa Corfu, kisiwa cha Ugiriki, kwa askari wa Serbia waliovuka milima ya Albania katika baridi kali na njaa. Waliozidiwa waliwekwa Vido, kisiwa kidogo cha jirani, na walikufa kwa maelfu. Mtu aliyekaa na njaa wiki nyingi hapewi mlo wa kushiba mara moja. Mwili haustahimili, na chakula chenyewe kinaweza kumuua. Huanzishwa na vyepesi, kidogo kidogo.

Kazi yake kubwa ya misaada ilifuata mwaka 1917. Aprili, Marekani ilipoingia vitani, alipendekeza kwa wahitimu wenzake wa Smith kikosi cha wanawake cha kwenda Ufaransa. Wanawake 18 walisafiri, madaktari wakiwemo, na Septemba wakaweka kambi Grécourt, katika Somme, eneo la kaskazini mwa Ufaransa, kwenye uwanja wa kasri lililobomolewa. Wajerumani walikuwa wamerudi nyuma mapema mwaka huo, wakalipua nyumba, wakachafua visima, wakakata miti ya matunda. Wenye nguvu walichukuliwa kufanya kazi. Wakabaki wazee, akina mama na watoto.

Kikosi kilihudumia vijiji 16. Wanawake wenyewe waliendesha malori na kuyatengeneza. Ng'ombe walikuwepo kwa ajili ya maziwa ya watoto. Jambo linaloonyesha akili zaidi, kwa maoni yangu, ni duka lao la kutembea: bidhaa zilipakiwa kwenye lori na kuuzwa kijiji kwa kijiji kwa bei ya chini. Bidhaa za bure huzua ugomvi wa nani kapata nini, na mkulima aliyejitegemea maisha yake yote huona haya kupanga foleni. Akilipa, hata senti chache, huchagua mwenyewe sufuria anayoihitaji.

Waandishi wa sifa hupenda kuruka sehemu moja: Hawes aliacha uongozi vuli hiyohiyo, kikosi kikashikwa na daktari Alice Weld Tallant, kisha Hannah Andrews. Sioni kwa nini lifichwe. Kikosi kilichopangwa vizuri hakisimami mwanzilishi akiondoka, na hiki hakikusimama. Wajerumani waliposhambulia tena tarehe 21 Machi 1918, malori yaleyale ya duka yalitumika kuwahamisha wanakijiji.

Hawes aliendelea na huduma Ufaransa nje ya kikosi. Kuanzia 1920 hadi 1936 alifundisha sanaa ya kale Wellesley College, na alifariki mwaka 1945.