Jinsi Nilivyompata Mtu wa Kumwachia Mbwa na Paka Wangu

Kila Desemba familia yetu husafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Marangu, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na kwa kuwa mbwa na paka hawawezi kustahimili basi lililojaa watu na mizigo ya sikukuu, ilinibidi nitafute mtu wa kubaki nao. Ugumu wa msimu huo ni kwamba vijana wengi ambao ningewategemea nao huenda kwao kula Krismasi, hivyo nilianza kutafuta tangu Septemba.

Nilimwendea kwanza daktari wa mifugo anayewachanja wanyama wangu, kwa sababu yeye huona nani humleta mnyama mara tu anapoanza kudhoofika na nani husubiri mpaka awe mahututi. Alinitajia watu wawili. Niliwapigia simu waliowahi kuwaachia wanyama wao, na badala ya kuuliza kama mtunzaji ni mwaminifu, swali ambalo kila mtu hulijibu kwa ndiyo, niliuliza mnyama alikuwa na hali gani waliporudi, na kama mtunzaji aliwahi kuwapigia kuwaeleza tatizo kabla hawajamuuliza.

Wa kwanza, kijana mchangamfu, aliniambia nisiwe na wasiwasi hata kabla sijamaliza kueleza kwamba mbwa wangu hutetemeka akisikia fataki. Wa pili, mama wa makamo, aliuliza mengi: alitaka kuona kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa na tarehe yake, akauliza kama mbwa hukasirika akisogelewa wakati wa kula, na nani atalipa ikibidi apelekwe kwa daktari usiku. Kisha akasema wazi, "Mwanangu, asubuhi ya Krismasi nitakuwa kanisani," akanitajia binti yake ambaye angeshika nafasi. Uwazi huo ulinituliza kuliko ahadi zote za yule kijana.

Paka nilimpeleka kwingine. Jirani yangu, ambaye ningemkabidhi hata funguo za nyumba, ni Mwislamu, na katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kumwomba amlishe mbwa kungekuwa kumtwisha mzigo ambao huenda adabu yake ingemzuia kuukataa. Paka hana tatizo hilo, naye alimpokea kwa furaha.

Kabla ya safari nilimwachia yule mama mbwa wangu kutwa nzima huku nikiwa mjini. Niliporudi nilitazama chombo cha maji, usafi wa banda na namna mbwa alivyomfuata alipoinuka kuondoka, lakini kilichonishawishi hasa ni kwamba alinieleza, bila kuulizwa, kuwa mbwa hakumaliza ugali na mapupu yake ya mchana.

Tuliandikiana karatasi yenye mambo machache ambayo hayakupaswa kuachwa kwa kumbukumbu. Asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha kali. Masikio na katikati ya vidole vikaguliwe kupe kila siku. Usiku wa mwaka mpya alale ndani, geti likiwa limefungwa, maana mbwa aliyeshtushwa na fataki hukimbia na kupotea. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali, hata kama mbwa amechanjwa. Akikataa chakula na ufizi ukawa mweupe, apelekwe kwa daktari bila kusubiri ruhusa yangu, na fedha za matibabu nilimtumia kabisa kwa simu kabla hatujaondoka.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichotumika. Baada ya Krismasi alinipigia akiwa tayari kwa daktari: mbwa alikuwa na homa, na kipimo cha damu kilionyesha ugonjwa unaoenezwa na kupe. Alitibiwa siku hiyo hiyo, mama akanitumia picha ya risiti na kurudisha chenji nilipofika. Septemba iliyofuata nilimpigia kumwomba tena kwa Desemba, naye kabla ya kukubali aliniuliza kama chanjo ya mwaka huo imeshachomwa.