Siku moja maishani mwangu: maabara ya hospitali, Mwanza

Saa 1:00 asubuhi. Nashuka daladala ya Buhongwa, navaa koti, napitisha kontroo, sampuli za kuhakiki usahihi, kwenye mashine. Hadi saa 4 ni malaria, sukari na wingi wa damu tu.

Saa 4:20. Kutoka wodini zimekuja tyubu ya damu na kichupa cha maji ya uti wa mgongo, za mama mmoja wa Ukerewe. Fomu inasema anayumba akitembea, ulimi mzito, kikombe hakifiki mdomoni bila kumwagika. Daktari anataka kipimo cha kingamwili, protini za kinga ya mwili, za aina mbili: anti-Yo na anti-Hu. Saratani ya titi au ya ovari (kifuko cha mayai) inaweza kuwa bado imejificha, huku kinga ya mwili inayopambana nayo ikigeukia seli za Purkinje, seli za neva kwenye serebelamu, sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo. Anti-Yo ikionekana, daktari anajua uvimbe autafute kwenye titi au ovari, hata kama mgonjwa hajahisi chochote. Anti-Hu humwelekeza zaidi kwenye mapafu.

Nazungusha damu, natenga seramu, majimaji ya damu yasiyo na seli, naandika lebo polepole. Herufi moja ikikosewa, majibu yatampata mtu mwingine. Kipimo hiki hatukifanyi hapa. Sampuli inasafirishwa nje ya nchi.

Ndipo mwanawe akaja dirishani. "Shikamoo dada. Majibu ya mama?"

"Marahaba. Si leo, mdogo wangu. Ni wiki kadhaa."

"Na mashine zote hizi?"

Akaondoka, akarudi. Akaondoka tena, akarudi na risiti mkononi, foleni nyuma yake inanung'unika. Miguu inaniuma, sauti imeanza kunipanda, mara akasema: "Kijijini wanasema mama amelewa. Mama ni Msabato, pombe hajawahi kuionja."

Nikatoka, tukakaa kwenye benchi. Nikamwambia upo ugonjwa unaomyumbisha mtu hivyo bila tone la pombe. Nikamwambia pia kwamba majibu yakirudi safi, saratani bado haijafutwa. Kumbe skani ya kifua na tumbo ilishaandikwa, naye ameiahirisha akingoja majibu yangu! Hapo sikumficha: seli za ubongo zinazoshambuliwa zikifa hazirudi, uvimbe ukipatikana mapema ndipo kilichobaki huweza kuokolewa.

Chakula cha mchana nilikula jioni. Gari la vifurushi likachelewa hadi giza, nikabadilisha pakiti za barafu, nikasaini. Kisha nikapiga simu chumba cha skani. Nafasi ipo kesho asubuhi, mama aje bila kula.