Mabomba 23

Jana kliniki, kitinda mimba wangu alilitazama boksi la sindano zilizotumika, akauliza swali lililomchekesha muuguzi: "Mama, mbona boksi halijajaa wanalifunga?" Nikamjibu kwa kifupi kwamba likijaa pomoni kuna mtu atashindilia kwa mkono, na sindano haichagui mkono. Ikifika robo tatu, unafunga. Akaridhika, akarudi kwenye ubuyu wake. Mimi mawazo yakarudi Sahare, kwenye kile kibanda tulichokuwa tukigawa mabomba safi ya sindano kwa wanaojidunga dawa za kulevya, na kwa yule kijana mvuvi wa pweza.

Alikuja saa saba mchana, jua la Tanga utosini na arosto, ile hali ya kukosa dawa, imemshika: kamasi zinachuruzika, miayo haikatiki, mguu mmoja unacheza wenyewe. Akaweka mfuko wa nailoni mezani. "Dada, nimeleta 23."

Siku hizo kanuni ilikuwa bomba kwa bomba. Leta lililotumika, chukua jipya. Ukija mikono mitupu, unarudishwa. Mwenzangu akafungua daftari.

Mimi niliutazama mfuko. Sindano zilikuwa zimetoboa nailoni, zimechomoza kama miba ya nungu, na nyingi zilikuwa na kitako cha kijani. Sisi tulikuwa tunagawa bomba dogo la insulini, la mililita 1, ambalo sindano yake haichomoki na damu inayobaki ndani ni chembe tu. Kijani ni geji 21, sindano nene ya hospitali. Huvalishwa kwenye bomba kubwa, na pale shingoni pa kuungania damu hutuama. Kwenye mabomba ya namna hiyo, maabara iliwahi kukuta virusi vya homa ya ini C vikiwa hai hadi siku 63. Sisi hatukugawa ya namna hiyo, kwa hiyo hayakuwa yake, wala ya maskani kwao. Kayatoa jalalani.

"Umeyaokota wapi?"

Akakunja kiganja. Damu ikapenya katikati ya vidole.

Jeraha la sindano linataka sabuni na maji yanayotiririka. Kibandani mabomba yalikuwa tele, la maji tu ndilo halikuwepo. Nikachota kwa jagi kutoka kwenye ndoo, nikawa nammiminia polepole pale mlangoni. Akaanza kukamua kidole. Nikamzuia: kukamua hakutoi kitu, kunaumiza nyama tu. Akaomba jiki, nayo nikakataa, maana inachoma kidonda bila faida. Sabuni, maji, sabuni tena. Ndoo nzima iliisha, na muda wote huo macho yake hayakuwa kwenye mkono, yalikuwa kwenye daftari.

"Dada, sasa nitapata ngapi?"

Sikuwa na jibu la haraka.

Mengine yalikwenda mbiombio. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, kisha zinamezwa siku 28 mfululizo. Tulikaa kwenye benchi la kituo kimoja hadi alasiri, kwa kuwa aliyekuwa dirishani alishamwita teja kwa sauti na yeye akataka kuondoka. Akaanza. Wiki ya pili nilimwona pwani na mkuki wake, akanionyesha kopo la vidonge kwa mbali. Ya tatu sikumwona.

Ile kanuni ilipendeza kwenye karatasi. Lakini anayejidunga mara tatu kwa siku anahitaji mabomba matatu, na hawezi kutembea na yaliyotumika mfukoni kama polisi wanapekua. Atayatupa. Kesho akija mtupu umrudishe, ataazima la mwenzake. Au ataingia jalalani. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la mabomba na sindano safi 300 kwa kila anayejidunga kwa mwaka ifikapo 2030, na hushauri yatolewe bila sharti la kurudisha. Baadaye nasi tuligawa kwa mahitaji, tukawapa na makopo magumu yenye kifuniko. Mtu humwagia mwenyewe kwenye boksi, hakuna anayehesabu kwa mkono. Boksi la lita 5 huchukua kama mabomba 100. Unakadiria kwa kuangalia tu. Wapo waliolalamika kwamba mitaa itajaa sindano, na sikuwacheka, maana hata mimi niliogopa.

Siku ile nilimpa 23. Mwenzangu akaandika, "Yamerudi 23." Mwezi huo yaliyorudi yalizidi tuliyogawa, na ikaja barua ya kutupongeza.